Baba Alipotoka Zamu Kabla ya Saa

Jambo zima lilinigharimu faranga elfu sitini na mbili na mia tano. Nimezihesabu mara mbili, mara ya kwanza kwa hasira na mara ya pili kwa akili, na mara zote mbili zilitoka vilevile: pikipiki ya kwenda na kurudi, kofia moja ambayo mwenyewe alikataa kuipokea tena, sandali za kulia na za kushoto ingawa iliyokatika ni ya kushoto peke yake, maana hakuna anayeuza moja, na samaki waliochukuliwa mezani kwangu sokoni nilipokimbia bila kuwafunika. Hofu sijaiweka humo. Sijaona bado mtu wa kuniambia kilo yake inauzwaje.

Ninauza samaki wakavu wanaotoka Bukama, na ninakaa na baba yangu hapa Kamina, Kongo. Baba alifanya kazi ya reli tangu ujana hadi pensheni. Kazi yake ilikuwa kugeuza reli: kusimama pale ambapo njia mbili zinaachana, kukamata mkono wa chuma, na kuhakikisha kwamba treni ya Bukama inakwenda Bukama na ya Kabalo inakwenda Kabalo. Sasa akili yake inaingia na kutoka. Asubuhi anaweza kunifanyia hesabu ya magunia bila kosa, na mchana akaniuliza mama amechelewa wapi. Mama tulimzika zamani.

Mwanzoni nilikuwa naenda naye sokoni, nikimkalisha kwenye kiti nyuma ya meza yangu. Haikufaa. Kila mteja aliyeuliza bei, baba alimwita pembeni.

"Mama, usikubali ile bei. Huyu ananunuaka ku Bukama nusu yake."

Mteja anacheka, analipa nusu, anaondoka akimbariki mzee. Miezi miwili ya namna ile na ningefilisika nikiwa na baba mwaminifu kuliko wote sokoni.

Ndipo nikasikia kuhusu nyumba ya kanisa. Jina lake la kweli ni refu na limeandikwa kwenye kibao, lakini mjini wote tunasema garderi ya bazee, kama ile ya kulelea watoto wadogo. Ni ukumbi wa parokia na uwanja wake, umezungushwa uzio wa matofali, na lango moja la mabati. Mzee unamleta asubuhi, unamchukua jioni. Mama wa kanisa wanawapikia uji, na mchana bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo. Wanacheza kisolo, bao la kwetu, wananyolewa, wanafuliwa mashati, na mara moja kwa juma muuguzi mmoja mstaafu anakuja kuwapima damu na kuwagombeza juu ya chumvi. Kila familia inaleta kile inachoweza, unga, makaa, sabuni. Mimi ninaleta samaki. Si wakubwa.

Maneno yalianza juma lilelile. Jirani yangu alinisimamisha mbele ya watu.

"Weye, unamutupa papa yako ku garderi sawa mutoto?"

"Simutupe. Namupeleka asubuhi, namurudisha magaribi. Kintu unatupa, unaendaka tena kukichukua?"

Yaya, kaka yangu mkubwa, akapiga simu kutoka Lubumbashi. Habari za Kamina zinamfikia kabla hazijatokea.

"Mudogo, batu banasema nini juu yetu? Papa iko na batoto saba!"

"Iko nabo saba ku telefone, yaya. Ku nyumba niko minyi peke yangu."

Nilikuwa nimehesabu.

Taabu yenyewe haikuwa kumpeleka, ilikuwa kumtoa. Jioni ya kwanza nilipokwenda kumchukua nilimkuta amesimama karibu na lango, fimbo mkononi, macho barabarani. Nikamwambia bukari inapoa. Akasema hawezi kutoka. Juu ya nini? Hakuna mtu aliyekuja kumreleva, yaani kumpokea zamu. Nikamshika mkono, akauchomoa. Jioni ya pili nilimvuta kwa nguvu kidogo zaidi, akaanza kulia. Wazee wenzake waligeuza nyuso, kwa adabu. Mimi nilibaki pale nimemshika baba yangu kama mtu aliyekamata mwizi, na sikujua nimwachie au nimvute.

Aliyeelewa ni mama anayeongoza nyumba ile, tunamwita Mama Prezidenti. Ni mjane wa mtu wa reli.

"Acha kumukokota," aliniambia. "Shi ni muntu ya reli? Ataacha poste bila muntu?"

Akakaza kikwembe chake kiunoni, akasimama wima mbele ya baba.

"Shefu, nakuya kukureleva."

Baba alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Kisha akavuta pumzi na kutoa ripoti kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa msichana.

"Bukama iko wazi. Kabalo iko wazi. Hakuna treni mu njia. Hakuna ya kutangaza."

"Nimepokea, shefu. Pumzika muzuri."

Akampa fimbo, akatoka langoni mbele yangu akitembea kama mtu wa siku ya mshahara. Mimi ndiye niliyekimbia kumfuata.

Kwetu hakuna mtu anayeacha kiti cha ofisi, funguo za ghala wala dawati la shule bila kufanya remizi-reprizi, huyu anakabidhi, yule anapokea, wote wawili wanajua nani anajibu kuanzia saa hiyo. Lakini kwa watu wa reli ni zaidi ya desturi, imewaingia mifupani. Nusu ya wazee wa garderi walikula mkate wa reli, kwa hiyo jambo lile likaenea. Baada ya majuma machache kila jioni ilikuwa na sherehe yake ndogo pale langoni, na mama wa lango alikuwa amejifunza kanuni moja: mzee ambaye hajapokelewa zamu hatoki, na aliyepokelewa anafunguliwa. Ilikuwa kanuni nzuri. Saa ile familia zote zinakuwa nje zimeshafika, kila mzee anatoka na kuangukia mikononi mwa watu wake. Hakuna aliyejiuliza ingekuwaje kama mtu angepokelewa zamu saa nne asubuhi.

Siku yenyewe Mama Prezidenti alikuwa matangani, upande mwingine wa mji.

Garderi ilikuwa na mzee mmoja aliyeendesha treni zamani, tunamwita Mashinisti. Tangu aletwe na wakwe zake hakuwa amesema neno na mtu. Alikalia benchi akiuelekea ukuta, uji alinyweshwa. Mama wa kanisa walikuwa wamemwombea, wakamwimbia, wakamnyoa vizuri, bila jibu. Asubuhi ile, baada ya uji, Mashinisti alisimama. Akanyoosha shati lake. Akavuka uwanja, akasimama mbele ya baba yangu na kusema, kwa sauti iliyokwama kidogo kwa kukaa bure:

"Nakuya kukureleva."

Nimesimuliwa na wote waliokuwapo, na kila mmoja anasema alipiga vigelegele kabla ya wengine. Sufuria ziliachwa motoni. Baba akatoa ripoti yake, Mashinisti akapokea fimbo, na mama wa lango, machozi yakimtoka kwa furaha, akafungua lango kama kila siku. Baba akatoka. Nje hapakuwa na mtu wa kumpokea. Lango likafungwa, nyimbo zikaendelea.

Waligundua wakati wa kugawa bukari. Sahani moja ilibaki.

Simu ilinikuta nikibishana na mteja juu ya kichwa cha samaki.

"Mama," sauti ya mama wa lango, "unamutwala papa, uko naye?"

"Kumutwala wapi? Niko ku soko."

Nikasikia vijiko nyuma yake.

"Basi... kuya."

Nilifika na aproni ya sokoni mwilini. Jambo la kwanza nililofanya ni kuhesabu wazee: wa kwenye mikeka, wa kwenye benchi, aliye chooni. Nikahesabu tena nikianzia upande wa pili, namna ninavyohesabu samaki nikimshuku mwenye kuniuzia. Kwa upande ule pia mmoja hakuwapo, na alikuwa wangu.

"Nani anamufungulia?"

"Minyi," alisema mama wa lango. Alikuwa ameshika mabati kwa mikono yote miwili. "Banafanya remizi-reprizi muzuri, mama. Kila kintu sawa vile banatufundisha."

Ni kweli, kila kitu kilikuwa sawa vile walivyofundishwa.

Mashinisti alikuwa amesimama mahali pa baba, fimbo mkononi, kifua mbele. Nikamwendea taratibu.

"Papa, mwenzako anaenda wapi?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayeulizwa jambo la watoto.

"Muntu mwenye anaisha kutoka zamu, anaendaka wapi? Anaenda kwake."

Kwake. Nikampigia jirani yule wa maneno. Akaenda kuangalia, akarudi kwenye simu bila utani wowote: nyumbani hayupo, mlango haujaguswa. Basi kwake kwingine ni wapi? Kabla ya nyumba tunayokaa sasa tulikaa miaka mingi kwenye kambi ya reli, mimi nilizaliwa kule. Nikasimamisha pikipiki.

"Kambi ya reli, ngapi?"

"Elfu tatu, mama."

"Twende."

Motari, mwenye pikipiki, hakuwasha. Aligeuka kunitazama usoni. Wananijua, wale, kwa elfu tatu ninaweza kusimama juani nikibishana hadi kivuli kibadili upande.

"Mama, weko mugonjwa?"

"Washa moto."

Akawasha, na akaendesha kama mtu aliyebeba mgonjwa kweli.

Kwenye nyumba yetu ya zamani kuna mama mwingine sasa, na rangi nyingine ukutani. Alikuwa anafua. Kabla sijamaliza kuuliza alishaelewa.

"Muzee ya shati ya buluu? Anapita hapa. Anaingia mu parsele, mu uwanja yetu, bila kubisha, anauliza kinga yake, baiskeli, iko wapi. Namuambia, papa, hapa hakuna kinga, hata ya batoto hakuna. Anakasirika, anasema tunaikala mu nyumba yake bila ruhusa. Minyi namupa kiti. Anaikala, anakunywa mayi. Kisha treni inalia kule ku gare. Eh! Anaruka."

"Anasema nini?"

"Anasema: 'Yule mwenye ananireleva ni mashinisti! Hajue kugeuza reli!' Anasema treni itapotea, na kosa itakuwa yake. Anakimbia huko." Akaonyesha kwa mkono wenye povu, upande wa njia ya reli. "Nilizania anacheza."

Baba hakuwa anacheza. Alipotoka garderi alikuwa mtu huru anayerudi nyumbani kuchukua baiskeli yake. Njiani akafikiri, na akafikiri sawasawa: alikuwa amekabidhi kazi ya kugeuza reli kwa mtu asiyeijua. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwa amefanya kosa kama hilo. Sasa anakwenda kulirekebisha kabla treni haijaondoka.

Na treni ilikuwapo kweli. Siku hizi zinapita chache hata mtu anaweza kusahau kwamba Kamina ni mji wa reli. Lakini ile ya mizigo ilikuwa imelala stesheni tangu juzi ikingoja sijui nini, na sasa ilikuwa imelia.

"Tupite ku gare, tuambie baisimamishe?" aliuliza motari.

Nilipima. Stesheni ilikuwa nyuma yetu. Kule wangeniuliza mzee ni nani, mimi ni nani, nani ana ruhusa ya kusimamisha treni, na mwenye ruhusa amekwenda kula.

"Hapana. Mbele."

Simu ililia nikiwa juu ya pikipiki. Yaya. Nilipokea kwa sababu nilidhani ni mtu aliyemwona baba.

"Nimesikia," alisema. Lubumbashi ni mbali sana, lakini alikuwa amesikia. "Sasa sikiliza. Kama unamupata muzima, garderi inaisha leo. Chumba ya nyuma, kadenasi ku mulango, ufunguo mu mufuko yako. Saa sita unamupa chakula. Basi. Unaelewa?"

"Yaya, niko namutafuta."

"Na kama haumupate?"

Nikakata. Swali hilo nilikuwa nalo tayari, sikuhitaji la pili.

Njia ya pikipiki iliishia kwenye tope, nikashuka nikakimbia juu ya kokoto na mataruma ya chuma. Hapo ndipo sandali ilipokatika. Nyuma yangu motari aliitupa pikipiki kwenye majani akanifuata, ingawa hakuna aliyemwambia. Nyuma yetu sote nikasikia treni ikijinyoosha, mabehewa yakigongana moja baada ya jingine, sauti ile ambayo mtoto wa kambi ya reli anaijua kabla ya kujua jina lake: imeanza kutembea.

Nilimwona kutoka mbali. Shati la buluu, mgongo umeinama. Alikuwa pale reli ya Kabalo inapoachana na ya Bukama, miguu katikati ya reli mbili, mikono yote miwili kwenye ule mkono wa chuma wa kugeuzia. Umefungwa kwa mnyororo siku hizi. Alikuwa anauvuta. Anavuta, anapumzika, anatema mate viganjani, anavuta.

"Papa! Toka mu njia! Treni!"

"Najua," alisema bila kugeuka. "Njo maana niko hapa."

Nikamkamata kiuno. Nilikuwa nimesahau mikono ya baba. Miguu yake imechoka, macho yamechoka, lakini mikono ile ilivuta chuma maisha yote. Alishika mkono ule, na sisi wawili, mimi na motari, hatukumbandua. Motari alikuwa analia sasa, kijana mkubwa kabisa, akisema muzee, muzee, muzee. Treni ilitokea kwenye kona. Treni zetu zinatembea polepole kwa sababu ya hali ya njia, mtu anaweza kuzicheka. Lakini hata ikienda polepole haisimami mara moja, na mashinisti wake hawezi kuona mzee aliyeinama kama anavyoona ng'ombe.

Nikajaribu la Mama Prezidenti. Nikasimama wima, nikihema.

"Shefu, nakuya kukureleva."

Sasa aligeuka. Akanitazama aproni, akatazama mguu wangu mmoja usio na kiatu.

"Weye unajua kugeuza reli?"

Ningesema ndiyo. Nimesema ndiyo kwa mambo makubwa zaidi sokoni. Lakini angeniuliza la pili.

"Hapana, papa."

"Basi toka. Kosa moja inatosha leo."

Akarudi kwenye chuma chake. Ardhi ilikuwa imeanza kutetemeka chini ya mguu ule mtupu.

Mteja akikataa samaki, humlazimishi samaki. Unamwuliza anapika nini. Sijui kama nilifikiri hivyo kwa maneno. Kinywa changu kilifanya kazi yake ya kila siku.

"Papa, kama reli inakataa kugeuka, munafanyaka nini?"

Mikono ilisimama.

"Munasimamisha treni," alisema, kwa sauti ya kumfundisha mtu mpya.

"Na nini?"

"Na bendera ya nyekundu."

"Na unasimama wapi?"

"Inje ya kokoto, mukono ya kushoto, mashinisti akuone. Mwenye kusimama katikati ya reli ni mujinga."

"Basi hapa tuko bajinga batatu."

Akatazama miguu yake. Akatazama yangu. Niliona akiona.

"Bendera iko wapi?"

Nikafungua kikwembe cha juu, nikampa. Hata hakukigusa.

"Ile iko kijani. Ile inasema pita."

Treni ililia. Nilimnyang'anya motari kofia yake kichwani, nyekundu, ya kampeni fulani, yenye maandishi mbele. Baba akaigeuza huku na huku, kama mama anayetafuta funza kwenye samaki.

"Iko na maandiko meupe."

"Papa," nilisema, na sauti yangu ilikuwa imekwisha, "hii njo ya mwisho. Hakuna ingine mu soko yote."

Alifikiri. Nawaambieni alifikiri, na treni inakuja. Kisha akaachia chuma, akavuka reli, akashuka kokoto upande wa kushoto, akasimama mahali hasa panapotakiwa, miguu imeachana, akainua kofia juu ya kichwa chake akaanza kuipunga. Mimi na motari tulimfuata tukamshika shati kwa nyuma. Hakutuzuia.

Mashinisti wa treni alipunguza mwendo hadi ukawa wa mtu anayetembea. Akatoa kichwa dirishani.

"Muzee! Iko nini?"

"Reli ya Bukama! Angalia reli ya Bukama!"

"Iko muzuri, muzee! Tunaiona!"

Ikapita mbele yetu, behewa baada ya behewa, chuma kikilia, upepo wake wa mafuta ukitupiga usoni. Niliyahesabu mabehewa kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya, na sikurudia. Pale njia zinapoachana treni ilijikunja, ikaenda Bukama.

Baba akateremsha kofia. "Shi nilisema?" aliniambia. Kisha akanikabidhi ile kofia kwa mikono miwili. "Sasa unaweza kunireleva. Bukama iko wazi. Kabalo iko wazi. Iko na ya kutangaza: mashinisti hapewe tena poste ya kugeuza."

"Nimepokea, papa," nilisema, nikakaa chini palepale kwenye kokoto. Motari alikataa kupokea kofia yake. Alisema haitaki tena mbele ya macho yake. Nikamlipa, na alipotaja bei ya kurudi nilimpa vilevile, bila neno.

Hayo yalikwisha salama. Yaliyobaki ndiyo yanayonikosesha raha.

Mama Prezidenti aliita familia zote. Wengine walitaka lango lifungwe kwa ufunguo mchana kutwa. Wengine wakauliza moto ukitokea jikoni nani atatafuta ufunguo huo. Mtu mmoja akasema zamu ile ni mchezo, ufutwe. Mama Prezidenti alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema yeye hawezi kuufuta peke yake: tangu siku ile Mashinisti anaongea. Anakula kwa mkono wake. Anauliza habari za wajukuu kwa majina. Walijaribu asubuhi moja kumnyima fimbo, akarudi kwenye benchi lake, akaugeukia ukuta.

"Baba ni wako," aliniambia mbele ya wote. "Sema weye. Kama unasema tuache, tunaacha. Kama unasema tuendelee, minyi mwenyewe nitaikala ku lango. Lakini siwezi kukuapia, mama. Niko na matanga yangu, niko na miguu yangu. Siku moja nitaangalia pembeni."

Wakwe za Mashinisti walikuwa wamekaa mbele yangu. Walinitazama tu.

Yaya naye ametuma pesa kwa simu, za kwanza mwaka huu, pamoja na ujumbe: za kadenasi. Nimeinunua. Ni nzito, ya shaba, bado iko kwenye karatasi yake juu ya kabati. Mwisho wa juma anakuja mwenyewe kuangalia kama imetundikwa, na kama haijatundikwa anaondoka na baba kwenda Lubumbashi, kwenye chumba chenye kadenasi yake tayari.

Kwa sasa baba yuko nyumbani na mimi siko sokoni. Asubuhi anaoga, anavaa shati la buluu, anakaa kwenye kiti karibu na mlango. Hajaribu kutoka. Jana aliniuliza, kwa adabu sana, kama vile mimi ndiye ofisi, wamemsimamisha kazi kwa muda gani, na kosa lake limeandikwaje. Nikamwambia hakuna kosa. Akasema basi juu ya nini haitwi.

Ninyi mlio na mzee nyumbani ambaye akili yake inaingia na kutoka, najua mko wengi na mnasoma kimya. Mimi ni mtu wa bei, ninajua kupunguza na kuongeza, lakini hapa sioni nipunguze wapi. Nikitundika kadenasi, ninamhifadhi mtu mzima anayeuliza kosa lake kila asubuhi. Nikimrudisha garderi, ninamrudisha kwenye lango ambalo siku moja litafunguliwa tena kwa furaha. Nikisema zamu ifutwe, mzee wa watu wengine anarudi ukutani kwa ajili ya wangu. Mama Prezidenti anangoja jibu, na yaya yuko njiani. Mngekuwa mimi, mngejibu nini? Niambieni kabla hajafika.